Wazee na Wenye Kisukari

Nina hasira na neno moja dogo la Kiswahili, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Kila Jumamosi mimi hufundisha watu wazima kuandika programu za kompyuta, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wetu hapa Shauri Moyo. Wanafunzi wangu ni mafundi, wauza mitumba, na mama mmoja wa chapati ambaye huja na unga bado uko kwenye viwiko. Karibu wote hufika wakidhani kompyuta ni kitu chenye akili. Kazi yangu ya kwanza ni kuwatoa ujinga huo, na siifanyi kwa upole. Nawaambia mashine haijui lolote. Haikuoni, haikupendi, haina kinyongo nawe. Inafanya ulichoandika, hata kama ulichoandika ni upuuzi mtupu, na upuuzi huo itaufanya haraka kuliko wewe.

Kisha tunaanza na visanduku. Kisanduku kina jina, na ndani yake kuna kitu. Kinaitwa umri, ndani mna sitini na nane. Mwakani unatoa hiyo sitini na nane unaweka nyingine, jina linabaki lile lile. Baada ya visanduku nafundisha kurudia: mshike mtu wa kwanza, mtazame, nenda kwa anayefuata, mpaka waishe. Halafu nafundisha neno 'kama'. Kama mvua inanyesha, anua nguo. La sivyo, ziache. Na mwisho nawapa maneno mawili ya kuunganisha masharti, 'na' pamoja na 'au'. Ukiandika 'na', masharti yote mawili lazima yatimie. Ukiandika 'au', moja likitimia limetosha. Hapo hakuna anayeuliza swali, maana nani asiyejua maana ya 'na'? Tunafunga mashine tunaenda kunywa chai.

Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote anaitwa Hikma. Ni fundi cherehani wa Gikomba, hupunguza suruali za mitumba ziwatoshe wanaonunua bila kujipima. Ana jicho la kuona pale mshono unapovuta, na jicho hilo hilo huliweka kwenye programu. Ndiyo sababu mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, Bwana Zubeiri, alimwendea yeye na si mimi. Mimi Bwana Zubeiri ananiogopa mdomo.

Kulikuwa na habari kubwa mtaani. Madaktari wa macho wangekuja ukumbini, wachague watu, wawapandishe kwenye basi na kuwapeleka hospitali kutolewa mtoto wa jicho bila malipo. Mwaka uliotangulia kulikuwa na msaada mwingine hapo ukumbini, watu wakashikana mashati mlangoni kwa sababu ya upendeleo, na Bwana Zubeiri alikuwa bado anasikia aibu yake. Sasa akatangaza, kifua mbele, kwamba safari hii hakuna kujuana. Watu wangejiandikisha kwa Hikma, na kompyuta ndiyo ingechagua. Walimpigia makofi. Hata mama yangu alipiga makofi, na mama yangu si mtu wa kupiga makofi ovyo.

Mama macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu, la kushoto limezidi. Alikuwa akimimina chai nje ya kikombe halafu ananikaripia mimi, kana kwamba ndimi niliyekisogeza. Msahafu wake aliuweka juu ya kabati. Hakusema ameacha kusoma, ila aliuweka juu, mahali ambapo hafiki bila kupanda kiti, na kiti hapandi tena. Hospitali tulizoulizia zilitutajia bei ya kutufukuza. Basi hilo la madaktari lilikuwa ndilo tegemeo letu, hatukuwa na jingine.

Ujumbe uliingia kwenye simu yake tukiwa jikoni, akanipa niusome. Ulisema: Samahani, kompyuta haikukuchagua. Niliusoma mara mbili nikitafuta mahali nilipokosea. Mama aliuliza, kwa upole ulioniudhi kuliko ujumbe wenyewe, kama kuna jambo baya alilojibu siku ya kujiandikisha.

Mori ulinipanda papo hapo. Kompyuta haikukuchagua! Kama vile mashine iliamka asubuhi, ikapiga mswaki, ikamtazama mama yangu ikasema huyu hapana. Nilivaa buibui langu nikateremka Gikomba kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikiongea peke yangu.

Hikma alikuwa na suruali ya mtu chini ya sindano. Alipouona uso wangu ulivyokuwa aliizima cherehani bila kuambiwa. Nilimwambia anionyeshe alichoandika, akaifungua kompyuta yake juu ya rundo la nguo. Programu ilikuwa safi, imenyooka kama pindo lake. Rudia kwa kila mtu aliyejiandikisha. Kama umri wake umezidi sitini na ana kisukari, mchukue. La sivyo, mwache.

Mama yangu umri anao. Kisukari hana, na kila siku anamshukuru Mungu kwa hilo.

"Nani alikwambia uandike hivi?" nikamuuliza.

"Ticha, si niliandika tu vile alisema." Akaufungua ujumbe wa sauti kwenye simu, na sauti ya Bwana Zubeiri ikatoka nzito, ya mtu anayejua anarekodiwa. Alisema, "Hikma binti yangu, wachukuliwe wazee na wenye kisukari. Hao tu. Wengine wasubiri."

Nilikaa juu ya zile suruali. Nilitaka kugomba na sikujua nianzie kwa nani, kwa sababu Zubeiri alisema Kiswahili safi na Hikma aliandika Kiswahili safi. Ukisimama mbele ya watu ukasema wanawake na watoto watangulie, hakuna atakayeanza kumtafuta mtu ambaye ni mwanamke na papo hapo ni mtoto. Wanatangulia wanawake, wanatangulia watoto. 'Na' ya watu hukusanya. Lakini 'na' ya mashine huchuja. Ukiiambia wazee na wenye kisukari, inawatupa wazee wazima wenye afya, inawatupa wagonjwa ambao bado hawajazeeka, inabaki na wale wachache wenye balaa zote mbili. Pale palipaswa kuwa 'au'. Mimi ndiye niliyemfundisha Hikma maneno hayo, na nilimfundisha vizuri, na kufundisha kwangu vizuri hakukumsaidia mtu.

Nilimweleza. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Ndiyo maana walitoka wachache," akasema. "Basi halikujaa hata robo. Nilimwambia mwenyekiti, akasema ni sawa. Akanitumia majina mengine, ati niyajazie."

"Majina ya nani?"

"Shemeji yake. Yule jamaa wa duka la rangi. Wengine siwajui, Ticha. Hawakuwa wamejiandikisha."

"Na hukuuliza?"

"Ni mwenyekiti. Ningemwambia nini?"

Nisiwafiche, nilimsemea maneno makali pale mbele ya wateja wake, na hakustahili nusu yake. Ila nilikuwa nikimwona mama juu ya kiti akiutafuta msahafu kwa vidole.

Bwana Zubeiri ana duka la mabeseni na chupa za chai pembeni mwa soko. Nilimkuta amekaa katikati ya plastiki za kila rangi, akanikaribisha kwa heshima zote, akaagiza niletewe soda. Nilikataa soda. Nilimweleza habari ya 'na' na 'au', taratibu, kama ninavyoeleza darasani siku ambayo sijaudhika, na kwa muda wote huo alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma. Nilipomaliza alisema kompyuta imeshasema, ujumbe umeshatumwa, majina madaktari wanayo. Nilimjibu kwamba kompyuta haina mdomo, kwamba aliyesema ni yeye, na kwamba shemeji yake hakuchaguliwa na kompyuta yoyote. Basi akaacha kutikisa kichwa. Akanikumbusha ni nani aliyemfundisha huyo msichana, na kwamba wakazi wakijua kosa ni la darasa langu, kamati itabidi ifikirie kama chumba cha nyuma kina faida.

Halafu akainama mbele, sauti ikashuka.

"Mwalimu Muhiba, mimi na wewe tusivunjiane heshima. Nafasi moja ipo bado. Tumwandike mama yako, yaishe."

Alilisema jambo hilo kwa urahisi kama mtu anayekuongezea kikombe juu ya chupa uliyonunua. Na mimi nilimjibu hapana kabla sijafikiri. Nilimwambia mama yangu hapitii dirishani. Nilimwambia mengine pia ambayo siyaandiki. Niliondoka nikitembea juu juu kwa hasira, nikijiona nimefanya jambo kubwa, na nilikuwa nimefika karibu na nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba macho yenyewe hayakuwa yangu.

Mama sikumwambia.

Siku ya madaktari nilimshika mkono tukaenda ukumbini asubuhi, ujumbe au bila ujumbe. Foleni zilikuwa mbili. Moja fupi, ya waliochaguliwa, imekaa kwenye viti chini ya turubai. Nyingine ndefu, ya waliokataliwa na kompyuta, imesimama juani na haijui inasubiri nini. Niliwatazama wale wa kwenye viti. Yule wa duka la rangi alikuwa akisoma gazeti. Alilisoma ukurasa hadi ukurasa, bila miwani, na kila alipofungua ukurasa mpya damu ilinichemka upya.

Nyuma yetu alisimama Ladan, mwanamke muuza sambusa, ambaye sukari ilimharibia macho kabla hajafika hata miaka arobaini na tano. Binti yake mdogo alikuwa amemshika kanzu ili asijikwae, na mwingine mdogo zaidi alikuwa mgongoni. Ladan alimpa mama kigoda alichokuja nacho. Mama akakataa, Ladan akamlazimisha. Walianza kuongea, nami nikawaeleza sharti lilivyokosewa, na Ladan akasema yeye ni mgonjwa lakini si mzee, mama ni mzee lakini si mgonjwa, labda Hikma akiwashona pamoja atapatikana mtu mmoja kamili wa kuipendeza kompyuta. Mama alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka.

Daktari mkuu alitoka nje kuita majina. Aliitwa Daktari Adoyo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyechoka kabla ya kazi kuanza. Alimwita yule wa duka la rangi, akammulika tochi jicho moja, akammulika la pili, akamuuliza amekuja kufanya nini. Yule bwana akasema amechaguliwa.

Hapo nilitoka kwenye foleni. Sikumbuki kuamua. Nilisimama kati ya foleni mbili na kusema yote kwa sauti niliyopewa na Mungu: sharti lilivyosemwa, lilivyoandikwa, basi lilivyobaki tupu, na aliyelijaza. Nilimwambia daktari kwamba hawa waliosimama juani hawakukataliwa na mashine, walikataliwa na watu waliojificha nyuma ya mashine. Foleni ndefu ikaanza kuvuma. Bwana Zubeiri alikuja mbio, kofia mkononi, akisema ni kosa dogo la kiufundi, ni msichana bado anajifunza. Alimnyooshea Hikma kidole. Hikma alikuwa kwenye meza ya mlangoni na kompyuta yake, na uso wake ulikuwa umeingia ndani ya mtandio.

"Muulizeni pia huyu mwalimu," Bwana Zubeiri akaongeza, sasa akiwageukia watu. "Anajifanya mtetezi. Juzi nilimpa nafasi ya mama yake mzazi, akaikataa. Mtu wa namna gani huyo?"

Watu walinitazama. Nilimtazama mama. Hakuwa ananitazama mimi, maana kutoka pale alipokaa mimi nilikuwa kivuli kama vivuli vingine, lakini kichwa alikuwa amekiinua.

Daktari Adoyo hakutaka kesi. Alisema majina yote yafutwe, waanze upya, na ambaye macho yake ni mazima aende nyumbani kabla hajamkasirikia. Akamwagiza Hikma arekebishe. Hikma akafuta 'na', akaandika 'au', akaiendesha programu. Majina yakawa yanateremka tu kwenye kioo, kama maji ya mfereji uliopasuka. Karibu foleni nzima ilikuwa imechaguliwa, na basi lilikuwa lile lile moja. Watu walioona walianza kushangilia. Daktari alishusha pumzi.

"Sasa mmepata haki, nafasi hamna," akasema.

Alituma wauguzi wake wapite foleni nzima na kupima kila jicho kwa vidole. Anayeona mwanga tu apewe sifuri. Anayehesabu vidole vikiwa karibu na pua apewe moja, anayevihesabu kwa urefu wa mkono mbili, na kuendelea. Hikma akaongeza kisanduku kipya, akakiita uoni, na nambari zikaanza kuingia. Kazi hiyo ilichukua asubuhi yote. Kisha programu ilitakiwa kuwapanga, wasioona kabisa mbele, na basi likijaa isimame. Hikma alijaribu kuandika mistari hiyo, akaifuta, akajaribu tena. Aliondoka kwenye kiti akasema, "Ticha, andika wewe. Mimi leo siandiki tena."

Nikakaa. Kuandika mpangilio ni kazi ya darasa la pili, hata mama wa chapati angeweza. Niliandika, nikaiendesha, viti vya basi vikajaa kimoja kimoja mpaka kikabaki cha mwisho. Hapo programu ilitoa majina mawili kwa kiti kimoja, kwa kuwa uoni wao ulikuwa sawasawa, kila mmoja alipewa mbili. Jina la kwanza lilikuwa la Ladan. La pili lilikuwa la mama.

Nilimwita Daktari Adoyo, nikamwonyesha. Nilitumaini atawaita awapime tena, apate tofauti ndogo, uamuzi uwe wake. Alitazama kioo, akatazama saa.

"Mimi napima macho," akasema. "Walio sawa kwa macho, nani amtangulie nani, hilo ni la watu wa hapa. Andika sharti lolote, mradi unaweza kulisimamia."

Bwana Zubeiri alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Hakuondoka baada ya aibu ile yote; watu wa aina yake hawaondoki. Aliinama nikasikia harufu ya udi wake.

"Andika umri, Mwalimu," akasema polepole. "Mkubwa atangulie. Kila mtu atakuelewa."

Na lilikuwa neno la haki. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Sharti lenyewe lilisema wazee. Ningeandika kama wako sawa, mkubwa atangulie, na hakuna mtu katika foleni ile ambaye angefungua mdomo, hata Ladan mwenyewe. Lakini nilisikia tabasamu ndani ya sauti yake. Kichwani nilishamsikia jioni dukani kwake, kati ya mabeseni, akisimulia kwamba yule mwalimu wa kelele naye alipokaa kwenye kiti alifanya yale yale, tena mbele ya watu. Niliongeza kisanduku cha watoto wadogo, nikaandika: kama wako sawa, mwenye watoto wadogo atangulie. Nikabonyeza kabla mkono haujabadili nia.

Kiti cha mwisho kikaandikwa Ladan.

Nilisoma majina kwa sauti, na nilipofika la mwisho Ladan alipiga yowe, akamkumbatia mtu wa karibu aliyemshika, na mtu huyo alikuwa mama. Mama alimpigapiga mgongoni. Alimwambia aende salama, arudi amwone huyu binti yake alivyokua. Watu kadhaa walinipa mkono. Mzee mmoja alisema wenye moyo kama wangu wamebaki wachache. Nilimtafuta Bwana Zubeiri kwa macho nikaona amenuna, na nakiri nilifurahi, kwa muda wa kama kunywa funda moja la maji.

Basi liliondoka. Nilimshika mama mkono tukarudi kwa ile njia ya nyuma ya ukumbi, ambako mitaro haina vifuniko na lazima umwambie kila mara inua mguu, haya, shusha. Nilianza kueleza kabla hajauliza. Nilimweleza uoni ulivyokuwa sawa, nilivyoachiwa niandike, na kwamba Ladan ana watoto wa kulea. Nilisema madaktari wamesema huenda watarudi mwakani. Nilieleza kwa urefu, kama mtu anayelipwa kwa maneno.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ladan ningempa mwenyewe," akasema. "Ungekuja pale nilipokaa, hatua chache tu, ukaniuliza, ningesema mpe yeye. Mimi nimeshaona mengi."

"Basi ni sawa, Mama."

"Si sawa. Hukuniuliza." Alisimama, nami nikasimama. "Ulikuwa na nafasi yangu mara mbili, Muhiba. Mara zote mbili hukunifikiria mimi. Leo hukumfikiria hata Ladan. Ulikuwa unamfikiria Zubeiri."

Nilitaka kumkasirikia, nikaitafuta hiyo hasira nikaikosa.

Alitoa mkono wake ndani ya mkono wangu. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa nyumba za mtaa wetu, zile za kanjo, yaani za baraza la jiji, zenye lipu inayobanduka, akaanza kutembea akifuata ukuta. Kwenye kila mlango ukuta uliisha, naye alisimama, akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata tena upande wa pili. Nilikwenda nyuma yake karibu kumkanyaga. Sikuthubutu kumwambia inua mguu.

Jirani yetu Nthoki alikuwa kwenye mfereji akijaza mitungi. Alituona, akafunga maji, akauliza kwa furaha kama tumefanikiwa, maana amesikia mambo yalikuwa moto huko na Muhiba amewanyoosha watu.

Mama aligeuza uso kuelekea sauti.

"Nafasi zilikwisha, mwanangu," akamwambia. "Muhiba alijitahidi sana."

Kisha akaushika mlango wetu, akapapasa mpaka akapata kitasa, akaingia.